Uso wa mafuta: namna ninavyoutunza hapa Goma

Kazi yangu ni kusuka nywele. Kibanda changu kiko Majengo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ambayo kiangazi chote hutimka vumbi jeusi la mawe ya volkano. Nina viti vitatu: cha mteja, changu, na cha anayesubiri zamu. Msusi huinamia kichwa cha mtu saa tano au sita mfululizo, na paji la uso la yule mtu analiona kwa karibu kuliko mumewe anavyoliona. Ndiyo maana wateja wakishanizoea huanza kuniuliza mambo yasiyo ya nywele. "Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), mbona nang'aa hivi? Si nimenawa asubuhi?"

Nawajibu kwa sababu uso huo ninao mimi mwenyewe, tangu nikiwa na miaka 13. Leo nina 36. Ikifika saa nne asubuhi, paji, pua na kidevu vimeshalowa mafuta, ilhali mashavu yametulia tu. Nimejaribu mengi. Baadhi yalinisaidia, na moja karibu liniharibie uso kabisa. Hilo nitalieleza mbele.

Kabla ya sabuni na krimu, kuna jambo moja namwambia kila anayekaa kwenye kiti changu: mafuta hayo si uchafu. Chini ya ngozi, pembeni mwa shina la kila unywele, hata ule usioonekana kwa macho, kuna tezi ndogo inayotengeneza mafuta ya kulainisha na kukinga ngozi. Homoni ndizo zinaiamuru. Ndiyo maana mafuta huongezeka mtu anapobalehe, na wanawake wengi huona chunusi siku chache kabla ya hedhi. Basi tezi haijui kama umenawa. Nawa mara mbili, nawa mara nane, yenyewe inaendelea na kazi yake. Sabuni huondoa yale yaliyokwisha kutoka tu. Ukilishika hilo, utaacha kuupiga uso wako vita na utaanza kuutunza.

Mimi nilikuwa mpiganaji. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia, ile ya kipande kirefu inayokatwa kwa kisu butikini, nikisugua kwa wavu wa kuogea mpaka ngozi ivutike kama ngozi ya ngoma. Baada ya saa mbili mafuta yalikuwa yamerudi, na safari hii yana magamba juu yake. Uso unang'aa na huku unabanduka. Nikiona mteja mwenye uso wa namna hiyo sihitaji kumuuliza anatumia nini.

Tuanze na maji, kwa kuwa Goma maji ni habari yenyewe. Wengi wetu tunatumia ya Ziwa Kivu, yanayopandishwa kwa bidoni za lita 20, mgongoni au kwenye chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Watu wa kupima maji hutumia kipimo cha kuanzia 0 hadi 14: katikati ni 7, chini yake ni uchachu kama wa ndimu, juu yake ni upande wa magadi. Ngozi yenye afya iko karibu na 5. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu na 9. Sabuni ya kufulia nayo iko 9 au 10. Kwa hiyo ukinawa maji ya ziwa kwa sabuni ya kufulia, unaisukuma ngozi upande mmoja mara mbili. Siwaambii muache maji ya ziwa, maana mtanawa nini? Nasema tu kwamba maji yetu yanataka sabuni ya upole zaidi, na yanataka kusuuza vizuri, kwa sababu sabuni ya kipande huacha utando unaonata kwenye ngozi. Mvua ikinyesha natega beseni. Maji ya mvua ni laini, nayaweka kando kwa kusuuzia uso mara ya mwisho. Ila Nyiragongo, volkano yetu, ikiwa imetoa moshi mwingi au majivu, mvua ya siku hizo siitegi, na nasubiri bati lioshwe kwanza na mvua nyingine.

Nanawa uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mara ya ziada nikitoka jasho jingi. Ya jioni ndiyo siiruki hata nikiwa nimechoka namna gani, maana uso umebeba vumbi la mchana mzima pamoja na mafuta niliyojipaka kwa vidole bila kujua. Kwanza naosha mikono, hasa mimi ninayeshika pomadi kutwa. Nalowesha uso kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Ya moto hapana. Natoa povu viganjani, si kwa kusugulia kipande usoni, kisha nazungusha vidole polepole kwa muda wa nusu dakika hivi: pembeni mwa pua, kidevuni, juu kwenye mpaka wa nywele ambako wengi husahau. Nasuuza kwa kikombe mara tano au sita. Taulo naigandamiza tu, sisugui. Taulo ya uso ni yangu peke yangu, na kila Jumamosi inafuliwa na kuanikwa juani.

Ukiweza kununua jeli ya kusafishia uso farmasini, iliyoandikwa kwamba ni ya ngozi ya mafuta na haizibi vinyweleo, nunua. Tone dogo linatosha, na chupa moja kwangu hufika miezi mitatu. Usipoweza, tafuta sabuni ya gliserini au ya watoto isiyo na harufu kali. Ya kufulia iachie nguo.

Sasa jambo ambalo watu hunikatalia: uso wa mafuta nao unapakwa kitu baada ya kunawa. Mafuta si maji. Ngozi inaweza kujaa mafuta juu na kukaukiwa maji ndani, hasa Juni mpaka Agosti mvua inapokatika. Ninachotumia mimi ni gliserini ya farmasi, ambayo mama zetu walikuwa wakitupaka miguuni kabla ya kwenda misa. Peke yake ni nzito na inanata, na vumbi hulishika lote. Kwa hiyo naichanganya: kifuniko kimoja cha gliserini, vifuniko vitatu vya maji yaliyochemka na kupoa, ndani ya kichupa kilichooshwa kwa maji ya moto. Natengeneza kidogo, ya siku nne au tano, kisha namwaga yaliyobaki, kwa kuwa mchanganyiko wa maji usio na dawa ya kuuhifadhi huota vijidudu. Uso ukiwa bado na unyevunyevu napaka matone machache. Dakika kumi baadaye huwezi kujua kama nimepaka kitu. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao ziacheni kwa viwiko na visigino. Usoni kwetu sisi huziba. Mawese ni ya kupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nije kwenye kazi yangu, maana hapa ndipo naona makosa kila siku na yananiuma. Chunusi nyingi za paji la uso ninazoziona kibandani hazitoki tumboni wala kwenye damu chafu kama watu wanavyosema. Zinatoka kwenye pomadi. Unapaka kichwa jioni, unalala, joto la kichwa linayeyusha pomadi, inashuka mpaka kwenye paji na pembeni mwa masikio, inaziba vinyweleo. Utaziona zimejipanga kama ushanga kwenye mpaka wa nywele: vipele vidogovidogo vya rangi ya ngozi, huku mashavu hayana kitu. Mteja mwenye paji la namna hiyo simpaki pomadi mpaka ukingoni. Naacha upana wa vidole viwili kuanzia mpaka wa nywele, na nikimaliza kusuka nampangusa paji kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Nyumbani nawaomba wafanye hivyo hivyo: pomadi kwenye ngozi ya kichwa katikati, kidogo, asubuhi kuliko usiku. Jeli ya kulaza vinywele vya mbele iwe ya siku ya harusi, si ya kila siku. Kitambaa cha kufungia kichwa usiku kifuliwe kila wiki, pamoja na foronya. Na meshi, yaani nywele bandia za kusukia, hasa zile mpya zenye kitu kinachowasha, naziloweka kwenye maji na kuzisuuza kabla ya kusuka. Msichana ambaye ncha zake zinamlalia shavuni usiku namwambia azifunge juu. Ukiacha kupaka pembezoni, vipele vile huanza kupungua, lakini vinachukua wiki kadhaa, hata miezi. Usikate tamaa siku ya kumi.

Mchana, mafuta yakizidi, usikimbilie sabuni. Nina vipande vya karatasi laini mfukoni. Nagandamiza kwenye pua na paji, nahesabu mpaka tano, naondoa. Poda nyepesi juu yake haina ubaya, mradi sifongo chake kinaoshwa na jioni poda inanawiwa. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, anayepaki mbele ya kibanda changu alikuwa na chunusi kidevuni tu, na ndiko mkanda wa kofia yake ulikuwa ukisugua, mweusi kwa jasho. Akaanza kuuosha mkanda kila mara na kuweka kitambaa safi katikati, na kidevu kikapoa. Simu nayo inabeba mafuta ya shavu la jana, ipanguse.

Mara moja kwa wiki naweka udongo mweupe wa kaolini, ule wa vipodozi unaouzwa ukiwa umesagwa laini. Nachanganya na maji kuwa kama uji mzito, napaka paji, pua na kidevu bila kugusa mashavu, na nanawa kabla haujakauka ukapasuka. Dakika kumi zinatosha. Udongo wa kutafuna ambao wajawazito hununua sokoni sio huo. Una chenga zinazokwaruza, na hujui umechimbwa wapi.

Ndimu, hapana. Najua bibi zetu waliipaka. Lakini kwenye kile kipimo cha maji uchachu wake uko karibu na 2, na ukitoka juani na maji ya ndimu usoni unaweza kuungua na kubaki na alama nyeusi kwa miezi. Dawa ya meno, hapana. Sukari ya kusugulia, hapana. Alovera inaweza kupoza ngozi, lakini ukikata jani liache lisimame maji ya njano yadondoke yote kwanza, maana hayo huwasha. Na kitu chochote kipya, cha dukani au cha shambani, kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono siku mbili.

Sasa lile lililokaribia kuniharibu uso. Nilikuwa na miaka 24, chunusi zimenijaa, ninajificha hata kwenye picha. Mtu mmoja aliyekuwa akiuza vipodozi akaniletea kikopo kisicho na karatasi, krimu nyeupe aliyochanganya mwenyewe. Akasema inakausha mafuta na kutakatisha. Wiki ya kwanza niliona muujiza. Chunusi zililala, uso ukawa laini na mweupe kidogo, watu wakanisifu barabarani. Mwezi wa tatu vikaanza kuniota vinywele vyembamba mashavuni, mishipa ikaonekana, jua likanichoma nikitoka tu nje. Nikisahau kupaka siku moja, uso unawaka moto na vipele vyekundu vinatoka kwa makumi. Nikawa napaka si kwa kupendeza tena, bali kwa kuogopa. Daktari wa ngozi aliyeniona aliniambia ilikuwa na dawa kali ya jamii ya klobetasoli, ambayo madaktari huitoa kwa ugonjwa maalumu, sehemu ndogo, kwa siku za kuhesabu. Hizo hutuliza uvimbe haraka, ndiyo maana unaona muujiza, kisha hukondesha ngozi na zenyewe huleta chunusi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutulia.

Wadogo zangu, vikopo hivyo bado viko. Wanaviita vya kutoa mafuta, vya kutoa madoa, vya kung'arisha, lakini ni vya kujichubua. Ndani huwa na dawa kama ile yangu, au hidrokinoni isiyopimwa, ambayo ni dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na inaweza kumfikia hata mtoto unayembeba. Nchi nyingi zilikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuziondoa sokoni krimu zenye zebaki, na bado zinauzwa. Kwa hiyo: kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, usinunue. Ukiona neno "mercure", yaani zebaki, au jina linaloanza na "clobétasol" au "bétaméthasone", za jamii ya ile iliyoniumiza, na hakuna daktari aliyekuandikia, rudisha. Na ukiwa umeshatumia kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Nenda kwa daktari akupunguzie hatua kwa hatua, la sivyo utayaona niliyoyaona.

Dawa halali za chunusi zipo farmasini, na ni za subira. Mbili nazifahamu kwa uso wangu. Peroksidi ya benzoili huua vijidudu vya chunusi. Chukua ya asilimia 2.5 au 5, maana ya 10 huchoma zaidi bila kusaidia sana kuliko hizo. Itapausha kila kitambaa inachogusa. Iliniharibia kitenge kizuri cha bluu shingoni, kwa hiyo usiku nalala kwenye foronya nyeupe. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, hufungua vinyweleo na inafaa kwa vipele vyeusi vya puani. Anza na moja, si zote. Siku moja paka, siku mbili pumzika, safu nyembamba eneo zima linalotoa chunusi, si kidoa juu ya kipele. Ya tatu ni adapaleni, ya usiku tu, nzuri sana, lakini mjamzito au anayetafuta mimba asiiguse. Zote zinahitaji wiki 8 hadi 12. Hapa ndipo wengi hushindwa: wiki mbili, wanatupa, wanarudi kwenye kikopo cha muujiza.

Usizitumbue. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, chunusi inapita kwa wiki moja, doa lake linakaa miezi. Ukucha unasukuma uchafu chini zaidi na doa linakuwa jeusi zaidi.

Na madoa hayo yanalishwa na jua. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta haiko mbali. Hewa ya baridi ya ziwani inatudanganya tusisikie jua, lakini lipo, hata chini ya mawingu. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ila haitoshi kuzuia doa lisikolee. Ukipata krimu ya kinga ya jua, kipimo (SPF) 30 au zaidi, chagua ya jeli au ya majimaji. Yenye rangi ya ngozi yetu ni bora zaidi, haiachi weupe kama majivu, na rangi yake ya oksidi ya chuma huzuia pia ule mwanga unaokoza madoa. Usipoweza kuinunua, mwavuli na kofia pana ni kinga ya kweli. Mimi kiti cha mteja nimekigeuza, mchana jua linampiga kisogoni.

Kuhusu chakula sina mengi. Mandazi ya mafuta hayaendi moja kwa moja mpaka kwenye pua. Wapo ambao soda, sukari nyingi na maziwa huwaongezea chunusi. Jipime mwenyewe, punguza mwezi mmoja uone.

Kuna nyuso ambazo si za kutibiwa nyumbani. Vijipu vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo, hivyo vinataka daktari mapema, kabla shimo halijabaki. Vipele vidogo vya ukubwa mmoja vinavyowasha sana, kwenye paji, kifua na mgongo, vinaweza kuwa vya ukungu (fangasi), na dawa ya chunusi haitavigusa. Msichana ambaye chunusi zake zimekuja pamoja na hedhi ya kupotea na ndevu kidevuni anahitaji kupimwa homoni. Mjamzito asijipake dawa yoyote bila kuuliza. Siku ya kwenda kwa daktari, weka kwenye mfuko kila ulichowahi kujipaka miezi sita iliyopita, hata kikopo kitupu kisicho na karatasi, hata kile unachokionea haya. Mimi changu nilikificha mara ya kwanza, na daktari akanipa dawa isiyokuwa yangu. Mara ya pili nilikitoa mezani, na ndipo matibabu yalipoanza.